TV, laptopu na simu: Nairobi, Busia au Mutukula, nafuu inabaki wapi baada ya ushuru?

MwanaTororo

Habari zenu wakuu. Orodha yangu ni hii: TV ya inchi 43, laptopu mbili za wanafunzi, simu moja ya bei ya kati, na ikiwezekana ruta ya 4G. Bei za mtaa wa Luthuli pale Nairobi nikizibadilisha kwa shilingi ya Uganda zinaonekana chini kuliko za Kampala Road na Mutaasa Kafeero, hasa TV. Wengine wananisukuma nipite Mutukula nikanunue Tanzania.

Maswali yangu matatu. Kwanza, nikivuka na risiti halali pale Busia nitalipa nini hasa, kwa hesabu? Pili, kuna ukweli kwamba kwa kuwa sote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki basi bidhaa iliyonunuliwa Kenya haitozwi ushuru? Tatu, nikague nini dukani kabla sijatoa pesa, maana kurudi Nairobi kudai dhamana si safari ya kwenda dukani kununua sukari.

Tafadhali msinipeleke njia za panya. Nataka mzigo wenye karatasi.

---

Kahawa_Mbale

Ndugu, usijisumbue na hesabu. Soko la pamoja lipo. Omba pale mpakani kile cheti rahisi cha uasili, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinagongwa muhuri bure na unapita. Wamama wa nafaka wanakitumia kila siku.

---

Ingizo_Busia

Kahawa_Mbale, hapo umechanganya mambo mawili, na watu wengi wanakwama mpakani kwa kosa hilo hilo. Wamama wa nafaka wanapita kwa sababu mahindi na maharage yao yamelimwa ndani ya Jumuiya. Cheti kile kinathibitisha *uasili* wa bidhaa, hakijali duka ulikonunulia. TV iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kulala wiki mbili kwenye rafu ya Luthuli. Cheti kina orodha yake ya bidhaa zinazokubalika, na TV ya kutoka nje haimo. Ukiijaza fomu ukaandika kwamba ni ya Kenya, umetoa tamko la uongo kwa forodha, na hilo ni kosa zaidi ya ule ushuru uliokuwa ukiukwepa.

Sasa hesabu, MwanaTororo. Chukua TV ya KSh 40,000. Kwa mfano huu shilingi moja ya Kenya iwe USh 28 (siku ya kulipa, URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, watatumia kiwango chao cha kubadilishia, si cha yule kijana wa pesa pale getini).

KSh 40,000 ni USh 1,120,000. Ongeza usafirishaji hadi mpakani, tuseme USh 60,000. Thamani ya forodha ni 1,180,000. Juu yake:

ushuru wa forodha 25%: 295,000
VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 18%, inayopigwa juu ya thamani *pamoja na* ushuru, yaani 1,475,000: 265,500
kodi ya zuio (malipo ya awali ya kodi ya mapato) 6% ya thamani: 70,800
tozo ya miundombinu 1.5% ya thamani: 17,700

Jumla 649,000. Ukigawanya kwa 1,180,000 unapata 55% kamili. Kwa hiyo, kwa viwango hivi, kitu chochote chenye ushuru wa 25% zidisha thamani yake kwa 1.55. TV yako inafika Busia upande wetu kwa USh 1,829,000, kabla ya ada ya wakala, nauli yako, chakula na takisi. Kama Kampala TV hiyo hiyo inauzwa 1,750,000, umesafiri usiku kucha ili upate hasara.

Laptopu ni habari nyingine. Kompyuta mpakato ziko kifungu 8471.30 na ushuru wake wa forodha katika jedwali la pamoja la ushuru la Jumuiya ni 0%. Zinabaki VAT 18, zuio 6 na tozo 1.5, yaani 25.5%. Zidisha kwa 1.255. Laptopu ya KSh 28,000, pamoja na nauli yake ya USh 26,000, ina thamani ya 810,000 na inafika kwa 1,016,550.

Sababu ya TV kutokuwa na faida iko kwenye risiti yenyewe. Bei ya duka la Nairobi tayari imebeba ushuru ambao Kenya ilitoza bandarini, na VAT yao ya 16%. Ndani ya KSh 40,000 kuna KSh 5,517 ya VAT ya Kenya. Hiyo ni karibu USh 154,000 ambayo hurudishiwi, maana hakuna dirisha la mpakani la kurudishia msafiri VAT ya dukani. Halafu URA wanakokotoa ile 55% juu ya bei nzima, VAT ya Kenya ikiwemo, kwa hiyo unalipa kama 85,000 nyingine kwa ajili ya kodi uliyokwisha kulipa. Unatozwa kodi juu ya kodi.

Njia halali ya kuikwepa VAT ya Kenya ipo: muuzaji mwenyewe auze kama bidhaa inayosafirishwa nje, atengeneze tamko la mauzo ya nje, na ankara itoke kwa VAT ya 0%. Muuzaji wa rejareja hatakubali kuhangaika hivyo kwa TV moja. Kwa TV ishirini atakuvutia kiti.

---

MwanaTororo

Asante sana mkuu, hiyo ya kodi juu ya kodi sikuwahi kuifikiria. Na ile ruhusa ya msafiri? Nasikia kuna kiasi unachopita nacho bila kulipa.

---

Ingizo_Busia

Ipo. Imo kwenye Jedwali la Tano la sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004, sehemu ya mizigo ya abiria. Masharti yake ndiyo yanayowaangusha watu: uwe umekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24, mzigo uwe umeongozana nawe, na uwe wa matumizi yako au ya nyumbani. Ukivuka asubuhi kwenda Busia ya Kenya na kurudi jioni, saa 24 hazijatimia. Ukiutuma kwa basi wewe umebaki Tororo, huo si mzigo wa abiria. Na ukiwa na simu nne za aina moja ndani ya maboksi, afisa hatasikiliza hadithi ya zawadi za wapwa.

Kiwango cha dola hubadilishwa kwa tangazo la gazeti la Jumuiya, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo kisome kwenye toleo la mwaka unaosafiri, usikichukue kwenye ujumbe uliosambazwa WhatsApp tangu enzi za Nuhu.

Hatua zenyewe pale Busia si ngumu. Ni kituo cha pamoja, kwa hiyo ukitoka Kenya unashughulikiwa na pande zote mbili ndani ya jengo la upande wa Uganda. Gonga muhuri uhamiaji kwanza. Kitambulisho cha taifa kinatosha kati ya Uganda, Kenya na Rwanda. Kisha nenda dirisha la forodha *kabla* hujaulizwa. Toa risiti, taja namba za mashine, taja TIN yako (namba ya mlipakodi). Kama kuna kodi, wakala wa forodha anaingiza tamko kwenye mfumo wa ASYCUDA, inatoka namba ya malipo ya PRN, unalipa benki au kwa simu, afisa analinganisha namba za mashine na karatasi, mzigo unaachiliwa.

Ada ya wakala mkubaliane kabla hajagusa kompyuta. Ada hiyo ni ya ingizo moja, yaani tamko moja, na ingizo la TV moja humchosha sawa na la TV sita. Ndiyo maana watu wa mtaa mmoja huungana. Lakini mkiungana chini ya TIN moja, ile zuio ya 6% itaandikwa kwa mwenye TIN peke yake, na yeye ndiye atakayeweza kuipunguza kwenye kodi yake ya mapato ya mwaka. Mkubaliane mapema atawafidia vipi wengine.

Karatasi zikae nawe hadi nyumbani, zisifungwe ndani ya boksi. Kati ya Busia na Kampala magari husimamishwa na maafisa wa URA kuangalia mizigo, na TV iliyofungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) bila karatasi hushushwa hata kama ulilipa.

Kuhusu njia za panya, umesema huzitaki, basi nitaje adhabu tu kwa wanaosoma kimya: kifungu cha 200 cha sheria hiyo hiyo ya forodha ya Jumuiya kinasema kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani inayotozwa ushuru, au vyote viwili. Mzigo unataifishwa, na chombo kilichobeba nacho kinaweza kutaifishwa. Mwenye boda anapoteza pikipiki kwa ajili ya TV ya mtu.

---

FundiSkrini

Nachukua swali la tatu, la kukagua. Niwaombe wote mnaokwenda Luthuli au Kariakoo: nendeni na vitu vinne mfukoni. Flashi yenye picha za rangi tupu (nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu), laini ya simu ya Uganda yenye romingi, chaja ya USB unayoiamini, na bando la intaneti. Bando kuliko vyote. Nusu ya matatizo hayajitokezi mpaka kifaa kiunganishwe mtandaoni.

TV. Usikubali kuonyeshwa ile ya rafuni kisha ukapewa boksi lililofungwa. Lifunguliwe boksi lako. Namba ya mashine iliyo nje ya boksi ifanane na iliyo mgongoni mwa TV na ile iliyo kwenye menyu ya mipangilio. Zikitofautiana, boksi si la TV hiyo. Chomeka flashi. Kwenye picha nyeupe na za rangi tafuta vidoa vyeusi, hizo ni pikseli zilizokufa. Kwenye nyeusi omba wazime taa, utazame kona: mwanga unaovuja kidogo ni kawaida kwa TV za LED, lakini doa jeupe la mviringo katikati maana yake lenzi ya taa za nyuma imebanduka, na hilo litaongezeka. Mstari mmoja mwembamba wa wima, hata ukionekana na kupotea, achana nayo. Ni utepe wa kioo unaoachia, na hakuna fundi wa Katwe atakayeurudisha kwa bei inayokubalika.

Angalia pia kama king'amuzi cha ndani ni DVB-T2. Uganda, Kenya na Tanzania zote zinatumia mfumo huo, kwa hiyo TV ya soko la Nairobi itashika chaneli za bure za hapa kwa antena tu. Zile zinazoletwa kutoka masoko ya mbali huwa na DVB-T pekee, au mfumo wa Marekani wa ATSC, na hizo zitakulazimisha kununua king'amuzi. King'amuzi cha kulipia usikivushe kabisa. Kadi zake husajiliwa kwa nchi. Utabaki na sanduku la plastiki lenye taa.

Umeme haukupi shida kutoka Kenya: 240 V, 50 Hz, plagi ile ile ya pini tatu za bapa. Tanzania pia sawa, ingawa utakutana na plagi za pini tatu za mviringo. Ukitokea Kongo au Rwanda utakuta pini mbili za mviringo. Badilisha plagi, usishindilie pini mbili kwenye soketi ya tatu kwa kijiti cha kiberiti kama wanavyofanya wengi. Friji au mashine yenye waya wa ardhi ikiingizwa hivyo inakuwa haina ardhi, na siku waya wa ndani ukigusa bodi, mlango wa friji ndio utakaokusalimu.

Laptopu. Zinazouzwa "mpya" kwa bei ya kushangaza mara nyingi ni za ofisi za Ulaya zilizosafishwa na kubandikwa nailoni. Fungua dirisha la amri la Windows, andika `powercfg /batteryreport`, ufungue faili itakayoundwa. Kuna namba mbili: uwezo wa betri ulivyotoka kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Mpya kweli zinakaribiana sana. Ukiona 48,000 dhidi ya 29,000, betri imebaki na 60% na kompyuta hiyo imeshamaliza kazi ya mtu mwingine. Weka CrystalDiskInfo kwenye flashi, iendeshe, soma saa ambazo diski imewashwa. Mpya ina saa chache tu. Elfu kumi na mbili maana yake ni miaka.

Halafu ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji "atalitafuta", rudisha. Mwisho, na hapa ndipo bando linafanya kazi: futa Windows, ianze upya ikiwa imeunganishwa mtandaoni. Ikitokea kurasa inayokukaribisha kwa jina la kampuni au shule na kudai barua pepe ya huko, kifaa bado kimesajiliwa kwa wenyewe. Bila intaneti kurasa hiyo haitokei, ndiyo maana dukani daima "leo mtandao uko chini".

Simu. Bonyeza *#06#, namba za IMEI (za utambulisho wa simu) zilingane na za boksi na za risiti. Kama muuzaji hataki kuandika IMEI kwenye risiti, hiyo simu ina mwenyewe. Kisha hatari kubwa ya siku hizi, simu za mkopo. Kenya zinauzwa sana kwa kulipa kidogo kidogo, na ndani yake kuna programu inayoifunga simu mkopaji akiacha kulipa. Mkopaji anaiuza kwa bei ya chini, simu inafanya kazi vizuri hadi siku ya deni, halafu inajifunga ukiwa Tororo. Kuifuta hakusaidii; inajifunga tena ikipata intaneti. Ili kuitambua: ifute kabisa mbele yako, iunganishe mtandaoni, subiri dakika kumi, kisha tazama kwenye mipangilio ya usalama orodha ya programu zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa. Ukiona jina la kampuni ya mikopo, au maneno kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika, mrudishie. Kwa iPhone, ivuke hadi skrini ya mwanzo bila kuulizwa akaunti ya mtu mwingine.

Weka laini yako ya Uganda ndani na upige simu kwa romingi. Simu za Samsung zina kibandiko kwenye boksi kinachosema zitumike kwanza na laini za eneo gani. Boksi la eneo la Afrika haliwezi kukusumbua, la eneo jingine linaweza kukataa laini yako mpaka lifunguliwe. Na angalia bendi za 4G kwenye maelezo ya modeli kamili (herufi za mwisho za modeli zina maana kubwa): bendi 3 ya 1800 MHz na bendi 20 ya 800 MHz ziwepo. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi 20, kwa hiyo vijijini utashika 3G ukidhani mtandao ni mbovu.

Ruta ya 4G ya KSh kidogo yenye nembo ya kampuni ya simu imefungwa kwa laini ya kampuni hiyo. Kama haijaandikwa kwamba imefunguliwa, na hujaijaribu kwa laini yako, iache.

---

Arua_Soko

Salaam. Naongeza la vitu vilivyotumika, maana hakuna aliyeligusa. Bajeti ya Uganda ya 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza friji, friza na televisheni zilizotumika. Kompyuta nazo zilitajwa kwenye tangazo lile lile. Kwa hiyo laptopu ya "ex-UK" (iliyotumika Uingereza) usiilipie hata shilingi kabla wakala wa forodha hajakujibu kwa maandishi kuhusu masharti ya sasa, na jibu hilo libaki kwenye simu yako. Ile laptopu ya mpya-feki aliyoitaja FundiSkrini inakuumiza mara mbili: umeilipa kama mpya, na afisa akigundua alama za matumizi anaishughulikia kama iliyotumika.

Huku kwetu watu wanauliza Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kwa vifaa vya umeme mzigo mwingi unatoka Uganda *kuingia* Kongo, si kinyume. Kununua Ariwara simu iliyopita Kampala ni kumlipa mtu nauli ya kwenda na kurudi.

---

Kahawa_Mbale

Nakubali kosa langu la cheti, Ingizo_Busia. Sasa niseme ninalolijua kweli, pesa na usafiri.

Usibadilishe pesa yote pale getini. Badilisha ya nauli na chai tu, iliyobaki kwenye ofisi yenye leseni au kwa simu. Pesa za simu zinavuka kutoka MTN kwenda M-Pesa, ila kabla ya kubonyeza ndiyo soma mistari miwili: kiwango cha kubadilishia na ada. Gawanya kiasi kitakachopokelewa kwa kiasi kitakachokatwa upate kiwango halisi. Ada ndogo huficha kiwango kibaya. Ukipokea noti, noti za KSh 1,000 za toleo la zamani zilikoma kuwa pesa halali tangu 1 Oktoba 2019, na bado wapo wanaomjaribu mgeni nazo gizani. Toleo jipya lina picha ya jengo la mikutano la KICC, halina ile picha kubwa ya uso wa rais.

Kumlipa muuzaji wa mtandaoni kabla ya kuona mzigo, hapana. Ukilazimika, lipa kwa namba ya biashara yenye jina la duka, si kwa namba ya mtu binafsi.

TV kwenye basi isimame wima, kama ilivyo kwenye mishale ya boksi, ikiegemea ukuta, na kusiwe na kitu kilichoinamia upande wa kioo. Ikilazwa, kioo kinajipinda katikati kila basi linaporuka tuta, na barabara yetu haina uhaba wa matuta. Ufa wa ndani hauonekani kwa nje, utauona ukiwasha. Kwa hiyo ukiishusha Busia, tafuta soketi uiwashe hapo hapo kabla hujasaini kwa kondakta kwamba umepokea salama. Inchi 43 bado inaingia buti la basi. Kuanzia 55 uliza kwanza urefu wa mlango wa buti.

Friji kama kuna anayefikiria: iliyosafirishwa imelala iachwe imesimama saa kadhaa, usiku mzima ni bora, kabla ya kuwashwa. Mafuta ya kompresa huwa yameingia kwenye mabomba ya gesi, na kompresa ikianza bila mafuta inajisaga.

---

FundiSkrini

Sahihi kabisa hiyo ya kuwasha mpakani. Ongeza jambo moja: ikitoka kwenye baridi ya usiku ya Nairobi ikafika Busia kwenye joto na unyevu, iache nusu saa kwanza. Ukiona ukungu kwenye kioo, usiwashe.

---

MwanaTororo

Nimepata mwanga. Basi TV nanunua Kampala. Laptopu je, bado inafaa? Na Mutukula?

---

Ingizo_Busia

Laptopu inafaa endapo bei ya Kampala ukiigawa kwa 1.255 inabaki juu ya bei ya Nairobi pamoja na usafiri. Laptopu ya USh 1,400,000 hapa: gawanya, unapata 1,115,500. Nairobi ikiwa KSh 34,000, ni 952,000, chini ya hapo, na kodi ikiongezwa inafika kwa 1,194,760. Pengo ni 205,240 kwa kila moja, 410,480 kwa mbili. Toa nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili za kula na kulala, ada ya wakala. Kinachobaki ndicho faida yako, na kwa laptopu mbili kinaweza kuwa kitu au kisiwe kitu. Kama ungekuwa na shughuli nyingine Nairobi inayokulipia nauli, ningesema nenda. Kwenda kwa ajili ya laptopu mbili tu, hapana.

Kuna na upande wa dhamana. Soma kadi yake: nyingi zimeandikwa zitumike nchi ya ununuzi. Laptopu ikizima mwezi wa tatu, uitoe Uganda, uirudishe Kenya, kisha uiingize tena ikiwa imetengenezwa au imebadilishwa namba. Ikibadilishwa namba, karatasi zako za URA hazilingani nayo tena. Kwa hiyo siku ya kuipeleka, toka nayo kwa kuiandikisha forodha kama kifaa kinachotoka kwa matengenezo, upate karatasi yenye namba ya mashine. Hata laptopu yako ya kila siku ukisafiri nayo, beba nakala ya risiti yake.

Mutukula: Kariakoo kuna machaguo mengi kuliko Luthuli, lakini VAT ya Tanzania ni 18%, kubwa kuliko ile ya Kenya, na kutoka Dar hadi Mutukula ni zaidi ya kilomita 1,300. Kitambulisho cha taifa hakitoshi upande huo, beba pasipoti. Hesabu ya 55% na 25.5% ni ile ile, maana kodi inayokusubiri ni ya Uganda.

---

Arua_Soko

Na simu anunue hapa hapa Uganda, mkuu. Kwa simu moja tofauti ya bei haifiki nauli ya kurudi nayo siku itakapojifunga.

---

MwanaTororo

Sawa. Wakala akishaingiza tamko, namba ya kifungu nitaionaje ili nijue hajaniwekea ya TV kwenye laptopu?

---

Ingizo_Busia

Mwambie akuonyeshe tamko *kabla* ya kutoa PRN. Laptopu ianze na 8471.30, TV ni 8528.72, simu ya kisasa 8517.13. Kwenye kila mstari kuna asilimia ya ushuru wa forodha. Kwa laptopu isomeke 0. Ukishalipa, kusahihisha kifungu ni barua, foleni na wiki kadhaa.